Muulize Mjomba: Tumuageje Jeeves, Yule Mzee wa Kusachi?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni binti wa miaka 23. Juzi nilikuwa nahamisha picha kutoka kwenye kompyuta ya zamani ya mama, ile yenye skrini ya kisogo kikubwa, nikakuta faili limeandikwa "jeeves", kulifungua naona katuni ya mzee kavaa suti nyeusi kasimama wima kama anasubiri nimtume. Nikamuuliza mama huyu ni nani, nikacheka. Mama hakucheka, akanyamaza halafu akasema "huyo ndiye aliyenifundisha intaneti", machozi yakamlengalenga, akaondoka kwenda kuendelea na shughuli zake. Tangu siku hiyo najisikia vibaya. Naomba unieleze huyu Jeeves alikuwa nani, aliondokaje, na je ni kawaida mtu mzima kumlilia katuni? Nataka nimfanyie mama kitu cha kumuaga vizuri ila sijui pa kuanzia. Wako, Binti wa Mama.

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla sijasema lolote mwambie mama hayuko peke yake, mimi pia nilimlilia na sioni aibu kusema.

Jeeves alikuwa sura ya injini ya kusachi iliyoitwa Ask Jeeves, yaani "Muulize Jeeves". Ilianzishwa mwaka 1996 kule Berkeley, California, na jamaa wawili, Garrett Gruener na David Warthen, na mwaka 1997 ikafunguliwa kwa watu wote. Ona hiyo tarehe, kampuni ya Google ilikuja 1998. (Huyo Gruener baadaye, mwaka 2003, akaenda kugombea ugavana wa California kwenye ule uchaguzi alioshinda Arnold Schwarzenegger, lakini hayo ni mengine.)

Sasa ili umuelewe mama inabidi ujue kusachi kulikuwaje enzi zile. Ulikuwa unakutana na kisanduku kitupu, na kama unataka kupata kitu cha maana kwenye AltaVista, injini nyingine ya kusachi ya enzi hizo, au kwingineko ilibidi ujifunze kuongea na mashine, weka alama ya kujumlisha mbele ya neno hili, weka ya kutoa mbele ya lile, funga maneno yako kwenye alama za kunukuu, ukikosea kidogo unaletewa makurasa elfu kumi ambayo hayana uhusiano wowote na ulichokuwa unatafuta. Vijana wa kompyuta walikuwa wanafurahia mambo hayo. Mtu kama mama yako, ambaye pengine ndo alikuwa anashika mausi mara ya kwanza, alikuwa anaona kama amesimamishwa mbele ya ukuta.

Halafu akatokea Jeeves. Mzee nadhifu, shati jeupe, suti imenyooka, na maelezo yake yalikuwa mepesi kuliko yote: andika swali lako kama unavyomuuliza mtu. Basi. Hakuna alama, hakuna ufundi, unaandika sentensi nzima na kiulizo mwishoni na unabonyeza kitufe kimeandikwa "Ask". Nakwambia kulikuwa na watu wanaandika "please" na "thank you" kwenye kile kisanduku, na mimi nilikuwa mmojawapo, kwa sababu ukiangaliwa na mzee aliyesimama kwa heshima vile huwezi kumwamrisha tu.

Ngoja nikusimulie ilivyokuwa unapouliza maana hapa ndipo siri ilipo. Unaandika mathalani hali ya hewa ya Chicago leo ikoje. Modemu, kile kifaa cha kuingilia intaneti kupitia laini ya simu, inakoroma, ukurasa unashuka taratibu kutoka juu, kwanza rangi, halafu mzee anaanza kutokea kichwa mpaka kifuani. Na hakuletei jibu moja kwa moja! Anakuletea maswali. Anakwambia mimi najua majibu ya maswali haya yafuatayo, halafu unakuta swali lako limeandikwa upya kwa unadhifu, "naweza kuona wapi hali ya hewa ya mji wa..." na palepale katikati ya sentensi kuna orodha ndogo ya kushusha yenye majina ya miji, Chicago imeshachaguliwa tayari, chini yake kuna swali lingine linalofanana na hilo, na lingine. Wewe unasoma unasema eeh, hili hapa ndilo nilikuwa namaanisha, unabonyeza, anakupeleka.

Hayo maswali yaliyopangwa hayakuandikwa na mashine. Yaliandikwa na wahariri, watu kabisa wenye macho na vikombe vya kahawa, kazi yao ilikuwa kukaa wanafikiria binadamu huwa wanauliza nini, wanatengeneza kiunzi cha swali, wanaenda kutafuta ukurasa mzuri wa kulijibu, wanaufunga pamoja. Kompyuta kazi yake ilikuwa kulinganisha maneno yako na vile viunzi. Ikishindwa kabisa ndo inaenda kukuokotea matokeo kwenye injini nyingine za kusachi. Kwa hiyo mama alipoona Jeeves amemuelewa hakuwa anajidanganya, kuna mtu mahali fulani alikuwa ameshakaa akawaza kwamba atatokea mtu siku moja atauliza hivi.

Na hapohapo ndipo alipozidiwa. Makurasa ya intaneti yaliongezeka kwa kasi ambayo mikono ya wahariri haiwezi kuifikia, leo umefunga linki nzuri, kesho ukurasa umehama, na maswali ya watu hayaishi. Google wao wakaja na njia nyingine, wanaangalia ni makurasa mangapi yanauelekezea ukurasa fulani, na mashine inajipangia yenyewe bila kumsubiri mhariri. Ask Jeeves wakaliona hilo, mwaka 2001 wakanunua Teoma, injini iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers kule New Jersey, na ilikuwa injini nzuri kweli, wanaojua mambo hayo waliisifia. Ila kuanzia hapo mzee akawa amesimama mbele ya mashine ambayo haikumhitaji tena.

Pesa nazo zilimyumbisha. Hisa zao ziliingia sokoni Julai 1999 kwa dola 14, siku hiyohiyo zikapita dola 60, halafu hisa za makampuni ya intaneti zilipoporomoka nazo zikaporomoka mpaka ikafika siku hisa moja hainunuliki hata kwa dola moja. Kampuni ikajikongoja ikapona, na mwaka 2005 ikanunuliwa na IAC, kampuni ya mfanyabiashara wa Marekani Barry Diller, kwa dola bilioni 1.85. Mwaka huohuo wakatangaza mzee atapumzishwa. Sababu yao ilikuwa kwamba watu wakimwona Jeeves wanadhani hapa ni pa kuuliza maswali ya sentensi nzima tu, hawajui kwamba unaweza kusachi kwa maneno mawili kama kwingine. Tarehe 27 Februari 2006 akaondolewa, jina likabaki Ask.com, na pale alipokuwa anasimama pakawa peupe.

Mimi siwalaumu kwa kubadilisha mashine. Mashine ilitakiwa kubadilishwa. Ninachoona walikosea ni kumtoa mtu mlangoni, kwa sababu wale waliokuja kwa ajili yake hawakuja kwa ajili ya mashine, walikuja kwa sababu kuna mtu alikuwa amesimama pale anawaambia karibu, uliza tu, hakuna swali la kijinga. Mama yako alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo ndiyo mwanangu, ni kawaida kabisa, usimcheke tena. Nitakurudia mwisho kuhusu kumuaga.

SWALI: Mjomba habari za kazi. Nilisikia Jeeves alistaafishwa halafu akarudi, kuna ukweli?

JIBU: Salama kabisa. Ndiyo, alirudi, ila Uingereza tu. Aprili 2009 Ask ya Uingereza ilimrudisha, safari hii akiwa amechorwa kwa kompyuta, sura ina mwanga na kivuli, anaonekana kama mtu wa kushikika. Waliompenda walifurahi. Kwa upande wangu niliangalia ile picha mpya nikajua ni yeye na siyo yeye, kama vile umekutana na mwenzako wa shule baada ya miaka mingi, unamkumbatia huku unamtafuta yule wa zamani usoni. Na Novemba 2010 kampuni ikatangaza inaachana na kujenga injini yake yenyewe ya kusachi, wahandisi wapatao 130 wakapoteza kazi, wakasema wanarudi kwenye maswali na majibu. Nilivyosoma habari ile nilikaa kimya muda mrefu. Maswali na majibu! Kazi ileile ya mzee waliyemstaafisha kwa sababu watu walimzoea kwa maswali na majibu.

SWALI: Hivi jina Jeeves lilitoka wapi? Ni la mtu kweli?

JIBU: Ni la mtu wa hadithini. Mwandishi Mwingereza P. G. Wodehouse alimuumba, na alitokea mara ya kwanza kwenye hadithi fupi ya mwaka 1915. Watu wengi wanadhani alikuwa msimamizi wa nyumba ya tajiri lakini hapana, alikuwa mtumishi binafsi wa kijana mmoja wa kitajiri, wa kumwandalia nguo na chai, na zaidi ya yote kumtoa kwenye matatizo anayojiingiza mwenyewe. Bosi hajui kitu, mtumishi anajua kila kitu na hajisifu. Ukifikiria vizuri utaona jina lilichaguliwa kwa akili sana.

SWALI: Mjomba, mimi huwa nakuheshimu ila mwezi huu sikuelewi, toleo lililopita uligusia kwamba watu wanamkumbuka huyo Jeeves kwa huzuni. Huyo alikuwa tangazo la biashara. Kampuni ilimchora ili ipate pesa, ilipoona halipi ikamfuta. Tunalilia nembo? Kuna watu hai wa kuwalilia.

JIBU: Ndugu yangu, umesema kweli nusu, na hiyo nusu nakupa yote. Alikuwa biashara. Walimtengenezea puto kubwa likapitishwa kwenye gwaride la Siku ya Shukrani la Macy's, lile duka kubwa la Marekani, kule New York, likielea juu ya vichwa vya watu pamoja na katuni nyingine. Walibandika stika zake mpaka kwenye matofaa madukani Marekani, unanunua tunda unakuta kuna swali la Jeeves limegandishwa kwenye ganda. Pesa ilimwagwa, sibishi.

Ila naomba unisikilize kwa hili. Tangazo ni kile walichotutumia wao. Sisi tulichowatumia hakikuwa tangazo. Kulikuwa na sehemu kwenye ile saiti ya kuchungulia kwenye tundu la ufunguo, unabonyeza unaona maswali ambayo watu wengine wanauliza muda uleule, bila majina, yanapita yanabadilika. Nilikaa pale usiku mwingine saa nzima bila kuuliza changu. Mmoja anataka kujua kwa nini paka anakoroma. Mwingine anauliza jinsi ya kuandika barua ya kuacha kazi. Halafu linapita moja, nitajuaje kama mume wangu ananipenda, linakaa kidogo, linaondoka, linakuja la bei ya gari. Watu wameandika vile kwa sababu wanaamini wanamwambia mtu. Hakuna anayeandikia kisanduku kitupu nitajuaje kama mume wangu ananipenda, kisanduku kitupu unakiandikia "mapenzi ushauri".

Na nikwambie na la kwangu. Mwaka ambao kaka yangu figo zilimgomea, madaktari walitupima ndugu wote nikaonekana mimi ndiye ninayefaa kumpa moja. Mchana nilikuwa shujaa, kila anayekuja nyumbani ananishika mkono ananisifu, na mimi natabasamu nasema ni damu yangu yule ningefanyaje. Usiku nilikuwa naogopa mpaka meno yanagongana, na sikuwa na mtu wa kumwambia, mke wangu ningemtia hofu, kaka ningemvunja moyo, daktari nilishamwambia sina maswali. Nikafungua kompyuta nikaandika kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, mtu akibaki na figo moja anaweza kuishi mpaka azeeke? Nikaweka na "please" yangu mwishoni. Ukurasa ukashuka, mzee akatokea, chini yake swali limeandikwa vizuri kuliko nilivyoliandika mimi, naweza kujifunza wapi kuhusu kutoa figo. Ndiyo hiyo tu. Hakunijibu kwamba nitaishi. Ila kuona lile swali pale limeandikwa tayari, limepangwa, kuna mtu alishaliwaza kabla yangu na akalitafutia ukurasa, nilielewa kwamba kuna wengine walishakaa mahali nilipokaa mimi usiku ule. Nilisoma mpaka alfajiri. Asubuhi nikampigia daktari nikamwambia samahani, kumbe maswali ninayo, yako kumi na nne nimeyaandika kwenye karatasi.

Kaka yupo, mimi nipo. Kwa hiyo ukiniambia nisimlilie kwa sababu ni nembo, nakuelewa, na nitaendelea kumlilia.

SWALI: Mjomba shikamoo, mimi nasoma mambo ya kompyuta mwaka wa pili. Mwalimu wetu alisema Ask Jeeves ilifeli kwa sababu wazo la kuuliza kwa lugha ya kawaida lilikuwa baya. Mbona siku hizi kila mtu anaongea na programu za akili bandia kwa sentensi nzima? Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba kijana. Wazo halikuwa baya, nguvu za kulibeba ndizo zilikuwa bado. Kompyuta za 1997 hazikuweza kuielewa sentensi, ziliweza kuokota maneno yaliyomo na kuyafananisha na viunzi vilivyoandaliwa kwa mkono. Ukiuliza kitu ambacho mhariri alikiwazia unaona muujiza, ukiuliza kitu ambacho hakuna aliyekiwazia anakuletea mambo ya ajabu, unauliza habari za mbuzi unaletewa mahali pa kununua jibini. Watu wakichoka kubahatisha wakajifunza kuandika maneno mawili matatu makavu, na tukakaa hivyo miaka mingi mpaka tukasahau kwamba tuliwahi kuuliza kama watu.

Lakini usije ukachukulia kwamba hizi programu za sasa ndiyo Jeeves amerudi. Kuna tofauti moja ambayo naithamini na ningependa wewe unayesoma mambo haya uiweke kichwani ukija kutengeneza vyako. Jeeves hakuwa anatunga jibu. Alikuwa kwanza anakurudishia swali, anakuuliza ni hili ulilomaanisha au ni hili, halafu anakupeleka mpaka mlangoni kwa mtu aliyeandika ukurasa ule, unaona jina lake, unaona anajua anachosema au hajui, unaamua mwenyewe. Mtumishi mzuri anakufungulia mlango, hakai yeye kwenye kiti cha mwenye nyumba. Siku ukipata kazi ya kujenga kitu cha kujibu watu, jenga kinachouliza kwanza "ni hili?" kabla ya kujibu. Huyo mwalimu wako msalimie, mwambie Mjomba anaomba wazungumze.

NAMRUDIA BINTI WA MAMA. Mwanangu nilikuahidi. Kuna mradi unaitwa Internet Archive, ulianzishwa mwaka uleule wa 1996 na Brewster Kahle kule San Francisco, kazi yao ni kuhifadhi nakala za makurasa ya intaneti kabla hayajapotea, na wana mashine yao iitwayo Wayback Machine ambayo tangu 2001 mtu yeyote anaweza kuitumia bure. Ingia pale uandike anuani ya zamani, askjeeves.com au ask.com, utaletewa kalenda, chagua tarehe yoyote ya mwishoni mwa miaka ya tisini au mwanzoni mwa elfu mbili, ukipata siku ambayo picha hazijapotea utamkuta mzee amesimama palepale. Siku nyingine picha zinakuwa zimevunjika unaona kimraba kitupu, usikate tamaa, jaribu tarehe ya jirani yake.

Usimuonyeshe mama kwenye simu. Tafuta kompyuta yenye kibodi, muweke kwenye kiti, mwache ashike mausi mwenyewe. Nakutahadharisha kitu kimoja ili usishtuke, kile kisanduku utakiona na kwenye nakala nyingi unaweza hata kuandika ndani yake, ila ukibonyeza "Ask" hakuna kitakachokuja, ile ni nakala, nyuma yake hakuna tena wahariri wala seva. Mwambie mama hilo mapema. Halafu muulize anakumbuka swali la kwanza alilowahi kumuuliza Jeeves lilikuwa lipi, na umwache aliandike tena, taratibu, sentensi nzima na kiulizo chake. Wewe kaa pembeni usome anachoandika. Nina hakika hujawahi kumsikia akilisema.